Ubishi wa Shingo na Kitako

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, Arlene Stavig alicheka mpaka ikabidi akae chini, na kwa kuwa hapakuwa na kiti karibu, akakaa juu ya ndoo iliyojaa maganda ya risasi. Mji wa Cutler Creek ulilizungumza jambo hilo wiki nzima.

Si kwamba Arlene alikuwa mkali. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na mtu anayeendesha basi la shule katika milima ya Montana, juu ya barafu, huku watoto arobaini wakirushiana vipande vya mkate nyuma yake, hujifunza kuuweka uso mahali pamoja. Mumewe Lyle alipofariki, miaka sita nyuma, uso ukabaki palepale. Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili, amestaafu, na raha yake kubwa ilikuwa kulenga shabaha Jumamosi na kujitengenezea risasi zake mwenyewe katika chumba cha kufulia nguo, redio ikiimba juu ya mashine.

Kujitengenezea risasi si uchawi. Risasi ikishapigwa, kichwa kimekwenda zake, baruti imeungua, fataki ya kuiwasha, ile ya kitakoni, imekufa. Lakini ganda la shaba limebaki mkononi mwako, bado lina joto. Mwenye akili halitupi. Hulisafisha, hulibana lirudi umbo lake, hulitia fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya, na siku ya pili linarudi kazini. Ganda zuri litakutumikia mara kumi, mara ishirini. Baya litapasuka mara ya tatu, na likiwa baya kweli litakupulizia moshi wa moto usoni. Kwa hiyo ujuzi wote uko kwenye kuchagua, na katika kuchagua maganda, Arlene hakuona mtu wa kumfikia wilaya nzima.

Siku hiyo klabu ya kulenga shabaha ilikuwa imesafisha stoo yake na kupanga vitu nje juu ya meza: shabaha za zamani, viti vilivyovunjika, na ndoo tatu za maganda yaliyookotwa uwanjani kwa miaka na kusahauliwa. Arlene alifika mapema pamoja na mdogo wake Doreen, msusi, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta ambaye hakuwahi kushika bunduki maishani. Alikuja kwa ajili ya maandazi ya sukari na umbea.

Wakamkuta mwanamume amewatangulia. Mrefu, mwembamba, mikanda ya suruali imepita mabegani, masharubu meupe yamechanwa vizuri. Alikuwa akitoa ganda moja moja ndooni, akiliinua juu kwenye mwanga wa jua kama muuza mayai anayetafuta yaliyoharibika, kisha mengine anayarudisha, mengine anayatia kwenye kopo la kahawa. Arlene alisimama akamtazama. Akaona jambo la ajabu: yaliyong'aa kama dhahabu ndiyo aliyoyarudisha. Yaliyoingia koponi yalikuwa na madoa ya buluu na zambarau shingoni, kama yamepigwa ngumi.

"Samahani, bwana," Arlene akashindwa kujizuia. "Unachagua yaliyooza?"

Mwanamume hakugeuka. "Nachagua yaliyoiva, mama."

"Yaliyoiva!"

"Haya madoa ni ya moto. Kiwandani walilainisha shingo kwa moto, wengine wakasugua wakaficha, wengine wakaacha uone. Mimi nataka nione." Ndipo akageuka, akavua kofia. "Royce Pellerin. Nimehamia kutoka Idaho mwezi uliopita, niko karibu na binti yangu. Nilikuwa nawapigilia farasi viatu vya chuma. Miaka arobaini mbele ya moto, najua jinsi chuma na shaba vinavyosema."

"Na vinasema nini?"

"Vinasema ganda huanza kufa shingoni."

Doreen aliacha kutafuna. Alimjua dada yake.

"Shingoni?" Arlene akasema pole pole. "Nani kakudanganya, baba wa watu? Ganda huanza kufa kitakoni! Kile kishimo cha fataki kikilegea, hata uilainishe shingo mpaka iwe siagi, ganda limekwisha. Shingo ni sura tu. Kitako ndicho kinachobeba mshindo wote."

"Sijawahi kusikia mwanamke akitetea kitako kwa nguvu hivyo."

"Mimi nimekagua tairi na nati kila alfajiri miaka thelathini na mmoja. Kinachoua gari kiko chini, si kwenye rangi."

"Na farasi je? Naye utaanza kumkagua nyuma?"

"Ukianza mbele atakung'ata, ukianza nyuma atakupiga teke," akadakia Doreen. "Wewe bwana, meno yote hayo ni yako?"

Royce akatabasamu, na ikaonekana kwamba jino moja la mbele halikuwepo. "Kwato za jike mmoja wa Boise," akasema kwa heshima. "Aliitwa Sukari."

Hapo ndipo Arlene alipocheka. Kilianza kama kikohozi. Akajaribu kukizuia, akafunga mdomo, kikatokea puani, akashika meza, ikatikisika, shabaha za karatasi zikaporomoka, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya ndoo pwaa, maganda yakalia chini yake kama sarafu, naye akaendelea kucheka, machozi yanamtoka, huku akirudia, "Sukari! Sukari!" Gus Hrabik, mzee wa klabu, alitoka mbio ndani akidhani kuna mtu kaumia.

"Hakuna aliyeumia," Doreen akamwambia. "Dada yangu amefufuka."

Ubishi ungeishia hapo kama si Gus. Gus alikuwa fundi umeme mstaafu, mtu wa kutaka kila kitu kijaribiwe. Akasema kuna njia moja tu ya kumaliza: kila mmoja achague ganda moja kutoka ndoo zile zile, Jumamosi ijayo walete vyombo vyao uwanjani, wajaze pale pale mezani, wapige, wajaze tena, wapige tena, ganda lile lile moja, mpaka moja lishindwe. Baruti moja, vichwa vya aina moja, kipimo kimoja cha wastani. Yeye Gus atakagua kila baada ya mshindo. Shingo ikipasuka, umeshindwa. Fataki ikicheza kwenye kishimo chake, umeshindwa. Ukionekana mstari unaong'aa juu ya kitako, dalili kwamba ganda linataka kukatika vipande viwili, umeshindwa na unatupa papo hapo, hakuna maombi.

"Na dau?" Royce akauliza.

"Dau nitaandika mimi," Doreen akasema, akavuta sahani ya karatasi, akaifuta sukari, akaandika kwa kalamu ya nyusi: *Atakayeshindwa atacheza dansi ya polka na mshindi, maonyesho ya wilaya, mwezi wa nane.* Wakatia saini wote wawili. Arlene alikuwa yuko nyumbani, ameshavua viatu, ndipo alipong'amua kwamba kwa sahani ile, ashinde ashindwe, angecheza na Royce. Akampigia simu mdogo wake kumtukana. Doreen alikuwa akicheka hata kabla hajasema halo.

Wiki ile Arlene hakulala sana, na hakuumia kwa kutolala. Alikuwa amechukua maganda mia moja na zaidi kutoka ndoo ile aliyoikalia, na usiku na mchana chumba cha kufulia kilikuwa kama soko. Kwanza aliyatenga kwa alama za kiwanda zilizopigwa kitakoni, kwa sababu maganda ya viwanda tofauti ni kama watoto wa mama tofauti, huwezi kuwapa shati moja. Yaliyobonyea akatupa. Kisha akachukua waya mwembamba alioupinda ncha, akauingiza ndani ya kila ganda, akaukokota ukutani mpaka chini karibu na kitako. Ukuta ukiwa mzima, waya huteleza. Ukiwa umeanza kuliwa kwa ndani, waya hunasa kidogo kwenye mfereji usioonekana kwa macho, na unausikia kwenye vidole kabla hujausikia mahali pengine. Kumi na manne yalinasa. Akayaponda kwa koleo yasije yakarudi kwa bahati mbaya.

Yaliyobaki akayapima kwenye mizani ndogo, akaweka mazito upande wake: shaba nyingi, ukuta mnene. Halafu ikaja kazi aliyoipenda. Akatia fataki iliyokufa kwenye kishimo cha kila moja na kuisikiliza mkononi inavyoingia. Nyingine ziliingia kama mguu kwenye ndara. Chache zilikataa, zikataka kusukumwa. Moja ilikataa kabisa kwa kiburi, ikaingia taratibu ikilalamika, kama shangazi mnene anayebanwa kwenye kiti cha dirishani. Arlene aliliinua lile ganda kwenye taa. Halikuwa zuri. Lilikuwa na mkwaruzo ubavuni na weusi kwenye mdomo.

"Shangazi," akaliambia, "tunakwenda kazini."

Akagundua anaimba pamoja na redio. Akagundua pia kwamba amepaka rangi ya mdomo, saa nne ya asubuhi, nyumbani peke yake, na hakukumbuka alipoipaka.

Jumamosi iliyofuata alitegemea kukuta watu sita. Alikuta magari arobaini. Watu walikuwa wamekuja na viti vya kukunja na miavuli, na akina mama wa kanisa la Kilutheri walikuwa wamepanga meza nzima: viazi vya kuoka na jibini, soseji, pai za cheri tano, na ile saladi ya kijani inayotikisika ambayo haina anayekiri kuipenda na kila mara huisha. Mtu alikuwa amechora kwa chaki ubaoni: SHINGO upande mmoja, KITAKO upande wa pili. Watu waliweka dau zao kwa pai. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameiwekea Kitako pai mbili.

Royce alifika na sanduku lake la vyombo, mtungi mdogo wa gesi wenye ncha ya moto, na ganda lake ndani ya leso.

"Langu linaitwa Sajini," akasema.

"Langu Shangazi."

"Anaonekana amechoka, Shangazi."

"Subiri umsikie akisema."

Wakavaa miwani na viziba masikio, Gus akapuliza filimbi, wakaanza.

Mishindo mitano ya kwanza ilikwenda kama ibada. Piga, toa ganda, Gus analiangalia kwa lenzi, anaingiza waya, anatikisa kichwa juu chini. Rudi mezani, toa fataki iliyokufa, bana ganda, tia fataki, pima baruti, kaza kichwa, rudi kwenye mstari. Kila mmoja alikuwa na kibano chake kimefungwa mezani, mbavu kwa mbavu, na ikawa wanafanya kazi kwa mwendo mmoja bila kukusudia, mikono inashuka pamoja, mikono inapanda pamoja, mpaka akina mama wa kanisa wakaanza kuwapigia makofi kwa mapigo.

Baada ya mshindo wa kumi Royce aliwasha moto wake. Akalishika ganda kwa kitako, akaizungusha shingo kwenye ncha ya buluu, akihesabu kwa sauti ya chini, akaitoa kabla haijawa nyekundu. Doa la zambarau likachanua kama ua. Uwanja ukasema "Aaaa." Gus akasema si kosa, hakuna kanuni inayokataza, mradi haki iwe kwa wote.

"Karibu," Royce akamwambia Arlene, akimsogezea mtungi. "Shingo ya Shangazi imeshaanza kukakamaa. Sekunde chache tu."

"Sihitaji moto wa mtu."

"Ni moto mdogo."

"Nimesema Shangazi hapashwi!"

Doreen, nyuma yao, aliinamia pai yake mabega yakimtetemeka.

Mshindo wa kumi na tano. Wa ishirini. Jua lilipanda, watu wakahamisha miavuli. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mayai tu kwa jirani alikuwa bado yuko pale, mayai juani. Kufika ishirini na tano, kelele zilikuwa zimeshakuwa za mpira: upande mmoja unaita "Sajini!", upande wa pili "Shangazi!", na kila Gus alipoingiza waya, kimya kilishuka mpaka unasikia nyuki kwenye saladi. Kisha anakubali kwa kichwa, na uwanja unalipuka upya. Arlene alihisi vidole vyake vyepesi. Alikuwa na njaa, na kiu, na alama nyekundu ya kitako cha bunduki begani, na hakutaka siku ile iishe.

"Una miaka mingapi?" Royce akamuuliza wakati wanapima baruti, macho yote mawili kwenye mizani.

"Usinipotezee hesabu."

"Mimi sitini na saba."

"Sikukuuliza."

"Nimesema tu, usije ukafikiri unacheza na mtoto."

Ikambidi Arlene amwage baruti arudie kupima, maana mkono ulikuwa unacheka.

Mshindo wa thelathini na moja ulipita. Wa thelathini na mbili. Wa thelathini na tatu, Sajini alipiga vizuri, katikati ya shabaha, na watu wa Shingo wakasimama kwenye viti. Royce akarudi mezani akibusu ganda. Akatoa fataki iliyokufa. Akachukua mpya, akaibana ndani. Ikaingia bila sauti. Akaligeuza ganda juu chini mbele ya Gus, na fataki ikadondoka yenyewe, tip, juu ya meza, ikabingirika, ikasimama mbele ya kikombe cha kahawa cha Arlene.

Gus akainama kuitazama.

"Kitako," Royce akasema. Alikuwa ameduwaa kama mtu aliyeambiwa na farasi habari za asubuhi. "Kitako kimelegea."

Uwanja ukapasuka. Kofia zikaruka. Mchungaji akamkumbatia mtu asiyemjua. Doreen alipiga mluzi wa vidole viwili mbwa watatu wakabweka, na Arlene akainua Shangazi juu kwa mikono miwili kama kombe, akazunguka mahali alipo, akizunguka, akicheka, na katika kuzunguka jua likapita kwenye shingo ya lile ganda pembeni ya jicho lake.

Akasimama.

Akalileta karibu na miwani. Akalizungusha kidogo sana. Hapo, kutoka mdomoni kushuka, kulikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Gus alikuwa amelikagua dakika mbili zilizopita na hakuuona. Mwenye macho ya kawaida asingeuona. Arlene angeliweka mfukoni tu, na mambo yangekwisha vizuri sana.

"Gus!" Arlene akapiga kelele juu ya kelele zote. "Gus, njoo! Limepasuka!"

"Nini kimepasuka?"

"Shangazi! Shingo! Limepasuka shingoni, jamani, tazameni!" Na alilisema kwa furaha kama mtu anayetangaza mapacha. Akamsukumia Royce ganda mkononi. "Tazama! Ulisema! Moto wako mdogo, bwana, ningeukubali!"

Royce akatazama kwa lenzi, kwa muda mrefu. Alipoinua uso, masharubu yalikuwa yakitetemeka. "Mimi nimekufa kitakoni," akasema, "wewe umekufa shingoni."

"Sasa nani mkweli?"

"Tumekosea wote wawili. Au tuko sawa wote wawili. Sijui, mama, mimi nasikia njaa."

Wakaangua kicheko kwa pamoja, wameshikana mikono kwa viwiko ili wasianguke, na ikawa kila mmoja akitaka kunyamaza, mwingine anasema "Sajini!" au "Shangazi!" wanaanza upya. Gus alisubiri. Kisha akapanda juu ya kiti, akatangaza kwa sauti yake ya fundi kwamba maganda yote mawili yameshindwa katika mzunguko mmoja, hakuna mshindi, na pai zote zirudi kwa wenyewe.

"Subiri!" Doreen akaruka. "Subiri kwanza! Dau je? Sahani inasema aliyeshindwa acheze na mshindi!"

"Hakuna mshindi," Gus akasema. "Kwa hiyo hakuna wa kucheza naye. Dau limekufa."

"Limekufa? Wewe mzee una moyo kweli? Nimekaa juani saa nne! Nimekula saladi!" Doreen alikuwa karibu kulia, na haikuwa mzaha. "Gus Hrabik, mimi ndiye ninayekata nywele za mke wako, ujue hilo."

Watu wakaanza kubishana. Wengine wakasema warudie wiki ijayo, wengine wakasema sahani ya karatasi si hati. Royce akawa amesimama na kofia mkononi, akiigeuzageuza ukingo. Akaanza kukunja leso ya Sajini mara nne, mara nane.

Arlene alimtazama. Aliona kwamba anaogopa. Naye pia aliogopa, kwa namna ambayo haikumpata tangu akiwa msichana. Lakini ilikuwa hofu tamu, hofu ya kuwa juu kabisa ya bembea.

"Gus," akasema, "kinanda chako cha mkono kiko wapi?"

"Kwenye gari. Nakipiga harusini jioni. Kwa nini?"

"Kilete."

Kisha akavua miwani ya usalama, akaiweka juu ya mizani, akamwendea Royce.

"Sijashindwa na wewe," akamwambia, "na wewe hukushindwa na mimi. Sahani ya Doreen imekwenda na maji. Sasa nakuuliza kwa mdomo wangu, mbele ya watu hawa wote na mchungaji: unacheza polka, au miaka arobaini yote ulikuwa unaangalia miguu ya farasi tu?"

"Nacheza vibaya sana," Royce akasema.

"Vizuri. Mimi sijacheza miaka saba."

Gus alipokuja na kinanda watu walikuwa wameshasogeza viti. Hapakuwa na sakafu, palikuwa na changarawe na nyasi. Wimbo wa kwanza Royce alimkanyaga mara tatu, na kila mara aliomba msamaha kwa jina kamili, "Samahani Bi. Arlene Stavig," mpaka akamwambia anyamaze ahesabu hatua. Wimbo wa pili wakapata mwendo, viziba masikio bado vinawaning'inia shingoni, wakaenda kutoka meza ya viazi mpaka nguzo ya bendera na kurudi. Doreen alimkamata mchungaji. Mwenye mayai alicheza na trei yake. Wimbo wa tatu Arlene hakujua tena ni nani anamkanyaga nani.

"Jumatatu," Royce akasema, akihema, "nakwenda Billings. Kuna duka, wana maganda mapya. Ya Finland. Mazuri, mazito, wanasema hayafi."

"Hakuna yasiyokufa."

"Ndiyo maana nataka mtu wa kuniangalizia vitako."

"Na wewe uangalie shingo?"

"Na mimi niangalie shingo."

"Tutagombana njia nzima."

"Ni mwendo wa saa tatu tu."

Arlene akafikiri kwa muda wa mzunguko mmoja. "Basi tupite njia ya milimani," akasema. "Ni mwendo wa saa tano."

Wakaenda. Dukani walifungua sanduku la kwanza wakamimina maganda yote hamsini juu ya kaunta, likafuata la pili, wakayapima kwa mizani ambayo Arlene aliileta mkobani, wakayaangalia kwa lenzi ya Royce, wakabishana mpaka wateja wengine wakajipanga kuwasikiliza. Muuzaji, kijana mpole, aliwaambia kwamba hajawahi kuona mtu akikataa ganda jipya la Kifini. Walikataa mawili. Moja alilikataa Arlene kwa kasoro ya shingo, na lingine Royce akaliweka kando baada ya kuligusa kitakoni kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, na wote wawili wakatazamana, wakagundua kila mmoja ameshika upande wa mwenzake.

Ikabidi watoke nje. Walisimama kwenye maegesho ya magari, upepo unapeperusha kofia, wameegemeana bega kwa bega, hawawezi hata kuongea kwa kicheko, na mle ndani kijana wa watu akabaki anayarudisha maganda sandukuni moja moja.